Hodi Tatu Ndani ya Chipu

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo. Wifi amesema niwe naandika kila siku, maana nasahau mambo halafu namlaumu yeye. Haya, wifi, nimeanza. Leo umeme umekatika mara mbili, tumemaliza vichwa vinne, na wewe umekunywa chai yangu.

Kichwa ni jina letu sisi wawili kwa kisanduku kinachofungwa kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Kinapima joto, kinapima unyevu, kinageuza mayai kwa saa zake. Ndani yake mna chipu ndogo kama ukucha, na ndani ya chipu mna programu niliyoiandika kwa miaka sita, nikifuta na kuandika tena. Wifi analehemu, mimi naandika. Ni dada wa marehemu mume wangu. Baada ya mazishi ndugu wengine waliondoka mmoja mmoja, na mimi nikajua na yeye ataondoka. Wiki iliyofuata akaja na pasi yake ya kulehemu mkononi, akauliza akae upande gani wa meza.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Vichwa vitatu.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Wifi ameimba wimbo mmoja tangu asubuhi, mstari wa kwanza tu, kwa sababu wa pili haujui. Nimemwambia aujifunze au anyamaze. Akasema, "Wewe ukibaki na ukimya wa chumba hiki utaongea na mayai." Akaendelea.

Jumanne, 12 Machi
Leo nina mengi.

Mama Pacha, yule mfugaji wa kuku wa upande wa pili wa bonde, ameingia na mfuko umelowa. "Fundi, kichwa chenu kimekufa." Akatoa kisanduku cha buluu. Sisi hatujawahi kutengeneza cha buluu. Nikamuuliza amekipata wapi, akasema dukani kwa muuza spea, na aliambiwa ni chetu, toleo jipya.

Kilichoungua ni waya wa umeme tu. Nikaubadilisha, nikawasha. Kioo kikaandika: NGOJA, NAPASHA. Maneno yangu hayo. Nikasema labda ni sadfa tu, watu wawili wanaweza kuwaza sawa. Kikaandika tena: UNYEFU 60. Hapo nikakaa chini. Unyevu kwa F ni kosa langu la mwaka wa kwanza, sikulisahihisha kwa sababu wifi hulicheka na mimi hupenda alicheke. Hakuna mtu mwingine duniani anayekosea pale kwa namna ile.

Mama Pacha alipoondoka nimeitoa chipu, nikaiweka kwenye kisomeo, kile kifaa cha kusoma yaliyomo ndani yake. Ikasomeka yote, kumbe mwizi naye hakufunga kwake. Nikateremka hadi mwisho wa kumbukumbu, mahali ambapo programu haifiki na hakuna cha kufanya. Pameandikwa: HODI HODI HODI.

Hiyo ndiyo alama yetu. Wazo lilikuwa la wifi, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa natafuta alama ya siri, ya kuonyesha kwamba kazi ni yetu kama ikiibwa, nikawa nataka kuweka tarehe. Wifi akasema, "Tarehe ya nini? Weka hodi. Mwizi hapigi hodi, basi tumpigie sisi." Tulicheka mpaka risasi ya kulehemu ikapoa kwenye pasi. Alama hiyo tunaijua wawili tu.

Nimemwonyesha. Ameangalia kioo cha kompyuta muda mrefu, kisha akasema, "Basi wametuingilia." Mimi nilingoja aseme zaidi.

Jumatano, 13 Machi
Sikulala vizuri, na nimeshinda nikilifikiria jambo moja.

Chipu zetu zina kufuli. Unapoingiza programu, kompyuta inakuonyesha kisanduku kidogo cha kuweka tiki. Ukiweka, basi: chipu itafanya kazi maisha yake yote lakini haitamsomea mtu hata herufi moja. Ni kama mtu mwenye siri, anaishi nayo na haisemi. Unaweza kuifuta, kuisoma ng'o. Kwa hiyo aliyechukua programu hakuitoa kwenye chipu. Aliichukua hapa ndani, kwenye kompyuta hii. Na kompyuta hii wanaigusa watu wawili.

Sitaki kuandika linalofuata.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekwenda kwa muuza spea nikajifanya natafuta waya. Vichwa vya buluu vimepangwa safu nzima, chini ya taa. Nikauliza vinatoka wapi, akasema analetewa. Kisha, bila kuulizwa: "Mbona yule dada mwenzako alikuja wiki mbili zilizopita? Alivishika kimoja kimoja, akavirudisha."

Wiki mbili. Na juzi nilipomwonyesha alitazama kana kwamba ni mara ya kwanza.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeandika na kufuta mara mbili. Acha niandike kama ilivyokuwa.

Wifi alikuwa analehemu. Nikamwambia, "Ulikwenda kwa muuza spea."

"Nilikwenda."

"Ukaviona."

"Nikaviona."

"Ukanyamaza."

Akaiweka pasi kwenye kishikio chake. "Nilitaka nijue kwanza vinatoka wapi ndiyo nikwambie. Nakujua, wifi. Wewe ukisikia harufu ya moshi unamwaga maji mpaka jikoni kwa jirani."

Angesema neno lingine lolote ningeweza kujizuia. Lakini alinitania, na mimi nilikuwa nimeshafika mbali peke yangu. Nikasema, "Chipu zimefungwa. Programu imetoka kwenye kompyuta hii. Tunaoigusa ni wawili, na mimi sijajiibia."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaizima pasi. Akaingoja ipoe. Akaifuta ncha kwenye sifongo, akaukunja waya wake duara mbili kama anavyofanya kila jioni, akaitia mfukoni mwa koti. Kikombe chake akakiacha.

"Umesema," akaniambia, "na mimi nimesikia."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini leo naandika kwamba sijajikwaa, nimesema kweli. Narudia: nimesema kweli.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua. Kichwa kimoja. Nimeungua kidole.

Jumatano, 20 Machi
Mvua. Chai imebaki hadi ikapoa. Hakuna aliyeinywa.

Jumamosi, 23 Machi
Sitaibiwa tena. Nimeandika kufuli mpya, siku tano bila kupumzika.

Ya kwanza ni rahisi: kila chipu huzaliwa na namba yake kutoka kiwandani, na programu sasa inaiuliza chipu namba kabla ya kuanza. Ikihamishiwa kwenye chipu nyingine, inakataa.

Ya pili ndiyo ninayojivunia. Wapo wezi wajanja ambao huichezea chipu umeme. Wanaushusha ghafla, kwa sehemu ndogo ya sekunde, ili chipu iyumbe na kusahau kwamba imefungwa. Basi nimeweka mlinzi. Umeme ukishuka ghafla, programu inajifuta yenyewe, yote, kuanzia herufi ya kwanza. Bora ife kuliko isomwe na asiyehusika.

Nimeisoma programu tena kwa sauti. Hakuna wa kuniambia kama ni nzuri. Wifi angesema, "Na mlinzi akipiga chafya?" Daima alikuwa na swali la kijinga la namna hiyo.

Jumatano, 27 Machi
Mvua. Nimeuona mwavuli wake mtaani, ule wenye ubavu mmoja uliovunjika. Nimevuka barabara. Nimekanyaga dimbwi mpaka kwenye kifundo, stahili yangu.

Jumatatu, 1 Aprili
Vichwa kumi na viwili vyenye kufuli mpya vimekwenda kwa wateja. Kazi ya kuvipeleka ilikuwa ya wifi. Sasa nakwenda mwenyewe, na nagundua watu walikuwa wanamsubiri yeye. Kila nyumba: "Yule mcheshi yuko wapi leo?" Mama Pacha alikuwa ametandika hata kiti. Nilimfungia kichwa kipya, nikakitoa kile cha buluu, na yeye akapanga mayai mia mbili na kumi na sita, moja moja, akiyashika kama ana deni nayo.

"Mwenzako?" akauliza.

"Anaumwa," nikasema.

"Mpe pole. Mwambie ule mzaha wake wa jogoo nimewasimulia wote hapa."

Sikujua kuna mzaha wa jogoo. Sikuweza kuuliza.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua, umeme, mvua. Nimejikuta naimba ule mstari mmoja. Hata mimi wa pili siujui.

Jumanne, 9 Aprili
Siku nzima sikusema neno na mtu isipokuwa "Ahsante" kwa muuza sabuni. Sauti ilitoka na kutu. Zamani nilikuwa nasema nataka utulivu niandike programu. Nimeupata wote.

Jumamosi, 20 Aprili
Lazima niandike.

Asubuhi saa nne dhoruba imepiga. Umeme haukukatika, ingekuwa heri ukatike. Ulikuwa unayumba: taa inafifia, inarudi, inafifia, inarudi, kama mtu anayesinzia msibani. Dakika ishirini hivi. Nilikuwa nimesimama dirishani natazama, sina hata wazo. Mwenye kufuli mwenyewe, sina wazo.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Pacha. "Fundi, kioo hakina neno. Kimeandika mistari tu, kisha kikazima."

Nikamwambia azime, awashe.

"Nimefanya hivyo mara sita."

Hapo ndipo nilipoelewa. Umeme umeshuka ghafla. Mlinzi wangu ameona mwizi. Akajifuta, kama nilivyomfundisha.

Nimebeba kichwa cha zamani kutoka rafuni, kile ambacho mteja alikirudisha mwaka jana kwa ajili ya kioo kilichopasuka, nikakimbia. Hakuna gari lililotaka kuvuka bonde, nimepita kwa miguu, maji hadi magotini. Njiani simu zimelia nne nyingine. Sikupokea. Nilijua wote wanasema nini.

Nimemkuta ameizungushia mashine mablanketi, na chupa za maji ya moto ameziweka ndani, na mtoto wake mmoja anachemsha mengine. Mayai yalikuwa na siku kumi na tisa. Zimebaki siku mbili tu yaanguliwe. Nimefunga kichwa cha zamani, kikaandika NGOJA, NAPASHA, na mimi nikasoma maneno yangu mwenyewe nikaona aibu. Joto lilikuwa limekwisha kushuka kwa saa tatu.

Mama Pacha akachukua yai moja, akaliweka sikioni. Akachukua lingine. Kisha moja akalipasua kwenye sahani. Kifaranga alikuwa amekufa, ila ana vyote, mdomo, kucha, manyoya yamelowa. Ametimia kila kitu. Alikuwa amekunja shingo kama anavyolala kuku mkubwa.

Hakunipigia kelele. Angenipigia ningekuwa na la kujibu. Nilimweleza yote, kufuli, umeme, mlinzi, na yeye akasikiliza huku amelishika lile yai. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kuelewa kweli:

"Huyo mwizi mliyekuwa mnamwogopa, angetufanyia nini kuliko hiki?"

Jumapili, 21 Aprili
Vichwa saba kati ya kumi na viwili vimejifuta. Nimewapigia simu wote. Nimesema, "Kosa ni langu." Mmoja akasema, "Mbona unasema langu, si mko wawili?" Nikasema, tuko mmoja.

Jumatatu, 22 Aprili
Naomba nilisome hili nikiwa mzee na bado niumie.

Ili wateja wasikae bila mashine, nimeshusha vichwa vyote vya zamani kutoka rafuni, nivifute na kuvijaza upya. Ilikuwa saa tano asubuhi, mvua imepungua. Nimeunganisha cha kwanza kwenye kisomeo. Kidole kikabonyeza "soma" badala ya "futa", kosa la mazoea. Nikangoja kukataliwa.

Hakikukataa. Kilimwaga programu yote, mstari kwa mstari, mpaka HODI HODI HODI.

Nikasema hiki kitakuwa kibovu. Nikaunganisha cha pili. Kikamwaga. Cha tatu. Cha nne. Hakuna hata kimoja chenye kufuli.

Nimelitafuta daftari la kazi la mwaka jana. Tarehe 9 Juni, mwandiko wangu, wino wa kijani: Nimetoa tiki ya kufuli kwa ajili ya majaribio. USISAHAU KUIRUDISHA. Nimepigia mstari mara mbili. Sikuirudisha. Tangu Juni kila kichwa kilichotoka katika chumba hiki kimetoka mlango wazi. Mtu yeyote mwenye kisomeo cha bei rahisi angenunua kimoja na kukisoma akiwa anakunywa uji. Na ndivyo ilivyokuwa. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli, na nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa mimi.

Na liko jambo lingine, ambalo mtu mwenye akili angeliona siku ile ile ya kwanza. Ile alama ilikuwepo. Kichwa cha buluu kilikuwa na hodi zote tatu, hazijaguswa. Aliyeiba hakujua kama zipo. Wifi alijua. Ni yeye aliyeziweka. Angekuwa ndiye mwizi, kitu cha kwanza kukifuta kingekuwa hicho.

Ushahidi wa kumsafisha ulikuwa kwenye kioo, na yeye amekaa mbele yake, na mimi nilikuwa namtazama yeye.

Umeme ukiyumba kidogo, nafuta kila kitu. Sikumfundisha yule mlinzi tabia ngeni.

Jumanne, 23 Aprili
Nimemtoa mlinzi. Nimeweka tiki. Nimeangalia kama ipo. Nimeangalia tena.

Jumatano, 24 Aprili
Nimefika hadi kona ya mtaa wake. Nimerudi. Nilijiambia ni mvua, na haikuwa inanyesha.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimepeleka vichwa vyote. Mama Pacha amekipokea chake kwa mikono miwili, ingawa nisingemlaumu kama angekitupa. Amesema ataanza na mayai machache, aone. Kisha: "Na yule mcheshi bado anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuumiza."

Akanitazama. "Sasa dawa yake si unayo wewe? Unangoja nini hapa kwangu?"

Ijumaa, 26 Aprili
Nimekiosha kikombe chake. Kilikuwa safi, nimekiosha tena.

Jumamosi, 27 Aprili
Nimekwenda saa nane mchana, kikombe kiko mfukoni. Anakaa chumba cha mwisho kwenye ule uchochoro wa mafundi viatu, mlango wa mbao wenye rangi iliyobabuka. Mbele ya mlango mwavuli umefunguliwa ukauke. Ule ubavu ameufunga kwa waya wetu wa saketi, mwekundu.

Harufu ya risasi ilikuwa inatoka chini ya mlango. Analehemu. Redio za watu, pengine. Na alikuwa anaimba, mstari mmoja.

"Hodi," nikasema.

Wimbo ukakatika. Kwa hiyo yupo, na amesikia, na amenijua.

"Hodi."

Nikasikia pasi ikiwekwa kwenye kishikio. Basi. Hakuna hatua, hakuna kiti kusogezwa. Fundi viatu wa jirani akaacha nyundo juu, akawa ananitazama waziwazi, wala hakujisumbua kujificha.

"Hodi," nikasema mara ya tatu.

Watu wenye adabu, ya tatu isipojibiwa, huondoka. Nimehesabu pumzi zangu. Nimegeuka. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja.

"Nani?" akasema ndani.

"Mimi."

"Akina mimi ni wengi."

"Wifi yako."

"Wifi yangu alisema mimi mwizi. Wezi hatupigiwi hodi, tunavunjiwa."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumatatu. Yote yalinipotea. Nikaweka paji la uso kwenye ule mlango, fundi viatu na atazame, nikasema, "Hazikuwa na kufuli. Nilitoa tiki nikasahau kuirudisha. Zote zilikuwa wazi, wifi. Mimi ndiye sikufunga."

Akauliza taratibu: "Tangu lini?"

"Tangu Juni."

"Juni hii iliyopita?"

"Hiyo hiyo. Nimekukosea. Chumba kimenishinda peke yangu. Nimekuletea kikombe chako."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nilisikia akivuta pumzi puani, ndefu, kama anavyofanya risasi inapokataa kushika na inabidi aanze upya. Neno "karibu" hakulisema. Nimeliona hilo, na silidai.

"Mlango haujafungwa," akasema. "Umevimba kwa mvua. Sukuma kwa bega."

Nikasukuma. Mara ya kwanza haukufunguka. Nikasukuma tena.